Meno ya Mama Mkwe

Saa mbili na nusu asubuhi uji ulikuwa ukutani. Si tone, wala si michirizi miwili mitatu ya kusema mtoto kateleza na kijiko. Bakuli zima! Ulianzia kwenye kalenda, ukashuka kwenye swichi ya taa, ukamalizikia kwenye kiatu cha baba mtu, kile cha kulia, ambacho jana yake alikipaka dawa na kukisugua makusudi kwa ajili ya mgeni.

Aliyeurusha alikuwa amesimama juu ya kiti, mikono mgongoni, tumbo mbele, anaikagua kazi yake.

"Umemwagika," alisema.

Umemwagika! Wenyewe tu, bila mkono wa mtu!

Huyo ndiye Meneja, binti wa nyumba hiyo. Umri wake miaka miwili na miezi mitatu. Jina hilo alipewa na majirani mara alipojua kutembea, kwa jinsi alivyokuwa akipita mlango hadi mlango, mikono nyuma, anachungulia sufuria za watu, anatikisa kichwa, anaondoka bila kuaga. Jina alilopewa na wazazi liko kwenye cheti, na huko ndiko lilikobaki. Hata baba yake, fundi wa meno bandia, mtu mpole, mwembamba, mwenye vidole vya kushikia vitu vidogo vidogo, mtaa mzima ulimwita Baba Meneja.

Kuna watu husema mtoto ni malaika. Sibishani nao. Ningependa tu wapewe Meneja kwa asubuhi moja, wawe wamevaa nguo nyeupe, halafu tuongee.

Siku nyingine Baba Meneja angecheka. Siku hiyo, wapi! Saa nne kamili mama mkwe wake alikuwa anafika, na alikuwa anakuja kwa mambo mawili. La kwanza, kujaribu meno yake mapya. La pili, kuamua kama ataondoka na mtoto.

Mambo yenyewe yalianza na barua. Mke wa Baba Meneja alikuwa masomoni katika mji mwingine, mwaka mzima, na tangu mwanzo walikubaliana kwamba mtoto abaki na baba yake. Miezi mitano ikaenda hivyo hivyo, kwa kusukumasukuma. Mchana Meneja alikaa kituo cha kulelea watoto, mpaka mwenye kituo alipoandika kwamba anasikitika sana, mtoto ameuma wenzake wanne ndani ya wiki moja, na wa tano ni yeye mwenyewe mwenye kituo, kwenye paja, kwa hiyo nafasi yake imefungwa. Barua ikaja kwa baba, nakala ikaenda kwa mama, na mama akafanya kosa la kumsomea mama yake kwenye simu.

"Mtoto anayeuma watu hajalelewa," alisema mama mkwe. "Amefugwa. Nakuja kuiona hiyo nyumba kwa macho yangu. Nikiikuta haina kichwa wala miguu, mtoto naondoka naye, atakaa kwangu mpaka aanze shule."

Mke alimpigia mumewe, sauti imechoka. "Mwache mama aje aone. Akisema anamchukua, mimi sitabisha. Nina mitihani, Baba Meneja, sina nguvu ya kugombana na watu wawili."

Yeye akajibu sawa. Angejibu nini? Lakini alipokata simu alimtazama mtoto wake, ambaye wakati huo alikuwa anajaribu kumvalisha paka soksi. Alimpenda yule mtoto kupita kiasi. Kwa bibi yake ni safari ya siku nzima kwa basi. Angekuwa anamwona mara mbili kwa mwaka, na mara ya pili mtoto angekuwa anajificha nyuma ya gauni la bibi, anauliza huyu mjomba ni nani.

Sasa kuhusu meno. Mama mkwe aling'olewa meno yote ya juu miezi minane nyuma. Tangu hapo hakucheka mbele za watu, na akisema neno, ncha ya mtandio iko mdomoni. Daktari wa meno alimchukua vipimo, akampelekea fundi, na fundi ndiye huyu huyu mkwe, aliyekuwa na chumba chake cha kazi hapo hapo nyumbani. Kwa kawaida majaribio hufanywa na daktari. Mama mkwe akagoma.

"Niende tena kumwachamia mtu baki, na fundi yumo ndani ya familia? Utanijaribisha wewe."

Tangu asikie maneno hayo, Baba Meneja hakupata usingizi wa maana. Mama ambaye akiongea naye hutazama chini, amtie vidole mdomoni! Mchana kweupe! Alishayatengeneza meno ya watu mia nne na ushee, wakiwemo wenye vyeo, na hakuna mdomo uliowahi kumtoa jasho kama ule.

Na meno yenyewe hayakuwa tayari moja kwa moja, kama wengi wanavyodhani. Kwanza fundi huyapanga kwenye nta nyekundu iliyokatwa kwa umbo la fizi. Mwenye mdomo huyavaa, hujitazama kwenye kioo, husema haya ndiyo au haya siyo. Yakikubaliwa ndipo nta hutolewa na mahali pake kuwekwa plastiki ngumu. Kwa hiyo yale ya majaribio ni ya kushikwa kwa adabu. Baba Meneja alikuwa ameyapanga kwa siku tatu, meno kumi na manne, akayaacha mezani chumba cha kazi, na mlango akautia komeo la juu.

Akarudi kwenye uji. Alichukua kitambaa na ndoo, akaanza kusugua ukuta. Uji uliokauka ni saruji, nani asiyejua. Alisugua kwa dakika tatu. Nasema tatu, si nne. Kisha akagundua kwamba nyumba imenyamaza.

Wenye watoto mnaujua ule ukimya. Ni bora usikie vyombo vinavunjika.

"Meneja?"

Kimya.

"Meneja! Uko wapi, mama?"

Kitambaa kilimdondoka. Alikimbia ukumbini, akakuta ndoo ya nguo chafu imepinduliwa mbele ya mlango wa chumba cha kazi, juu ya ndoo kumewekwa kikapu, na komeo la juu limefunguliwa. Hakusimama kushangaa huo uhandisi. Aliingia, akamkuta Meneja ameketi chini ya meza, hana suruali, nywele nyeupe pepepe kwa unga wa plasta ya kutengenezea vipimo, na mkononi ameshika meno ya bibi yake.

Nta ilikuwa na alama za meno. Alama ndogo, safi, nane, ambazo fundi yeyote angeweza kusema ni za nani. Na pale mbele, upande wa kushoto, palikuwa na shimo. Baba Meneja aliyahesabu meno mara ya kwanza, akayahesabu mara ya pili kwa kidole. Kumi na matatu.

"Jino liko wapi?"

Meneja alimtazama.

"Mama, jino la bibi liko wapi?"

Meneja akainua fulana, akaonyesha tumbo.

Nyie! Baba alimwinua mtoto, akamtega sikio kifuani, akamgeuza, akampigapiga mgongo, akatazama chini ya meza, kwenye kikapu, kwenye ndala, kwenye ndoo. Hakuna jino. Alipiga simu kwa daktari wa meno, vidole vinakosea namba mara mbili.

"Daktari, mtoto amemeza jino!"

"Lake?"

"La mama mkwe!"

"Anakohoa? Anapumua vizuri?"

"Anapumua."

"Udenda unamtoka?"

"Udenda unamtoka tangu azaliwe, daktari! Nimpeleke akapigwe picha?"

"Fundi, jino lako ni la plastiki, kwenye picha halionekani, na hilo unalijua kuliko mimi. Mwangalie. Akianza kukohoa au kupumua kwa shida, mkimbize hospitali usiulize mtu. Vinginevyo, hicho ni kitu kidogo, litatoka lenyewe."

"Litatoka lini?"

"Kesho. Kesho kutwa."

"Mwenye jino anafika saa nne!"

Daktari alisema pole, lakini kwa sauti ya mtu aliyeziba simu kwa kiganja ili amalize kucheka kwanza. Baba Meneja alikata simu kwa hasira. Halafu akachuchumaa mbele ya mtoto, amwangalie kama alivyoagizwa, na hapo ndipo akaona jambo. Meneja alikuwa hajasema neno tangu akutwe. Meneja! Mtoto anayesimulia hata akiwa chooni! Na shavu lake moja lilikuwa limejaa kuliko jingine.

"Achama, mama."

Kichwa kikatikiswa. Midomo ikabanwa mpaka ikapotea.

"Achama kidogo tu. Baba aone."

Ng'o!

Kumbana taya hakuthubutu. Angeshtuka, alimeze kweli, na safari hii lingeweza kwenda njia ya hewa. Hata kupaza sauti aliogopa. Saa ya ukutani ilisema saa tatu na dakika tano, na maisha yake yote yalikuwa ndani ya lile shavu.

Basi akafanya kitu ambacho hakukipanga. Alimpakata mtoto, akaenda naye jikoni, akammiminia nani? Akajimiminia yeye mwenyewe chai, kikombe kimoja, akaketi, akaanza kunywa. Alikunywa kwa fujo, kwa kuvuta, kwa kusema "aah" kila funda. Mtoto hakumwangalia hata kidogo.

Meneja alivumilia funda la kwanza. Akavumilia la pili. La tatu likamshinda.

"Na mimi!"

Jino likaanguka ndani ya chai.

Baba Meneja aliegemea ukuta, ule wenye uji, akavuta pumzi mpaka machozi yakamlengalenga. Alimbusu mtoto kichwani akapata plasta mdomoni. Kisha akalivua jino la mama mkwe kwenye chai kwa uma, akaliosha kwa sabuni, akaliosha kwa dawa, akaliosha tena kwa sabuni, akakimbilia mezani na Meneja amembana kwapani kama gazeti.

Aliwasha taa ya spiriti, akapasha kisu cha nta. Mkono wa kushoto ulimzuia mtoto, wa kulia ulifanya kazi. Alilirudisha jino mahali pake, akafuta alama za meno moja baada ya nyingine, akalainisha, akatazama kwa jicho moja. Yalipendeza, haki ya Mungu. Ila nta ilikuwa bado moto, imelegea, na nta ya namna hiyo hutaka nusu saa kamili kwenye maji baridi kabla ya kuingia mdomoni mwa mtu. Aliyatumbukiza kwenye bakuli la maji. Saa tatu na dakika thelathini na nane. Itatosha tu, alijisemea. Bado ana dakika za kumvalisha mtoto, kufuta ukuta, kubadili kiatu.

"Hodi!"

Mama mkwe alikuwa amewahi; basi lake lililoondoka jana liliingia mapema.

Aliingia na mkoba mkubwa, amesimama wima, mtandio mdomoni. Alipokea salamu, akauliza hali, akamtazama mkwe wake kuanzia kichwani hadi kwenye kiatu cha kulia. Hapo macho yakakaa kidogo.

"Karibu, mama. Karibu ukae. Samahani, tulikuwa kidogo..."

"Sikuja kukaa," alisema nyuma ya mtandio. "Nitakaa nikishaona."

Akaweka mkoba chini, akatia mikono mgongoni, akaanza kuzunguka. Baba Meneja alitazama ile mikono, akajua papo hapo ile tabia imetoka kwa nani. Meneja naye alimwona mgeni anakagua mali yake. Akashuka kwenye kiti, bila suruali, nywele nyeupe, akatia mikono nyuma, akamfuata. Walikwenda hivyo wawili, mkubwa mbele mdogo nyuma, chumba hadi chumba, na baba akiwafuata kwa nyuma kabisa.

Mama mkwe aliiona kalenda. Aliiona swichi. Aliinama chini ya meza ya kulia akaokota kipande cha mkate chenye umri ambao hakuna aliyetaka kuuliza. Alifungua kabati la vyombo, akatoa paka. Alifungua friji.

"Mbona ndala ziko kwenye friji?"

"Zinapoa," alijibu Meneja.

Baba Meneja alifumba macho. Alitaka kusema kwamba usiku anamwogesha, kwamba kila siku anampikia, kwamba homa ilipomshika alikaa naye kifuani siku mbili mfululizo, mkono mmoja ukipanga meno ya watu. Lakini mambo hayo hayaonekani kwenye friji. Kinachoonekana kwenye friji ni ndala.

Mama mkwe alirudi sebuleni, akaketi kwenye kiti cha dirishani, akanyoosha gauni.

"Nimeona," alisema. "Tumalize la meno. Ukimaliza, mtoto umfungashie nguo zake. Basi la saa saba litatutosha."

Hakusema kwa ukali. Angesema kwa ukali ingekuwa afadhali, mtu angepata pa kushika.

"Mama, naomba..."

"Mkwe wangu, mimi sikulaumu. Umejitahidi. Kazi hii si yako. Lete meno."

Aliyaleta, na taa ya spiriti ikiwaka akaiweka mezani kando. Yalikuwa yamekaa majini kwa dakika kumi na mbili tu, na kidole chake kilimwambia kwamba nta bado ni laini. Fundi mwenye akili zake angesema tusubiri, mama. Lakini akili zake zilikuwa zimeshaondoka na basi la saa saba. Alinawa mikono, akasimama mbele ya kiti, akainama. Mama mkwe alitazama dirishani, akashusha mtandio, akaachama. Ilikuwa aibu ya watu wawili kwa wakati mmoja, na kila mmoja aliomba iishe haraka.

Meno yalikaa. Baba Meneja akaingiza kidole cha shahada kuyakandamiza taratibu upande wa kushoto, pale kwenye jino lililokunywa chai. Macho yalimjaa maji. Alikuwa anawaza sanduku lipi atie zile nguo, na kama paka aliyezoea kuvalishwa soksi atamtafuta mwenzake.

Meneja alisimama katikati yao, pua juu, anatazama juu. Kisha akaiona taa ya spiriti mezani, akanyoosha mkono. Mama mkwe, mdomo wazi, hawezi kusema neno, akamdaka kifundo cha mkono akamshikilia kwa nguvu. Meneja akavuta. Bibi akabana. Meneja akautazama ule mkono ulioshika mkono wake, akainamisha kichwa, akauma.

Mama mkwe naye akafunga mdomo.

Sasa kumbuka kwamba aling'olewa meno ya juu tu. Ya chini ni yake mwenyewe, mazima, na yalikuwa yamekaa miezi minane bila kazi ya maana.

"Yalaaa! Mama weee!"

Sauti hiyo ilitoka kwa mtu mzima mwenye ndevu. Baba Meneja alichomoa kidole, na pamoja na kidole yakaja meno: mawili yakaruka dirishani, matatu yakamwangukia mama mkwe mapajani, nta ikakatika katikati. Damu ilianza kumtoka kwenye ukucha. Alikibana kidole kwa mkono mwingine, akajikunja, akazunguka mahali pamoja, huku akijitahidi kutosema lile neno ambalo mtu hasemi mbele ya mama mkwe wake.

Halafu akasimama, akamgeukia mama mkwe.

Mama mkwe alikuwa ameketi wima, uso umemwiva. Mkono wake mmoja ulikuwa na alama nane ndogo. Ule mwingine ulikuwa umekingwa chini ya mdomo, na mama mtu mzima, mama wa heshima zake, alikuwa anatema meno moja moja. Mtandio ulikuwa umeanguka sakafuni na hakukumbuka kuuokota. Angesema nini? Mtu aliyepanda basi siku nzima kuja kuhukumu kuuma, ameuma.

Wa kwanza kusogea alikuwa Meneja. Alimtazama bibi, akamtazama baba, akaiona damu. Uso ukambadilika. Alimwendea baba yake, akamvuta suruali.

"Baba, leta."

Baba aliinama bila kujua anaombwa nini. Meneja alishika kidole kwa mikono miwili, akakiinua mpaka kwenye midomo yake, na baba mtu akafunga macho akijua leo anaumwa mara ya pili. Haikuwa hivyo. Meneja akapuliza. Alipuliza kwa mate mengi, mara tatu.

"Pole, baba."

Kisha akageuka. Alitembea mpaka kwenye kiti cha dirishani, akachuchumaa chini ili macho yake yalingane na ya bibi. Hayakulingana, alikuwa mfupi mno, lakini alichuchumaa hivyo hivyo.

"Bibi," alisema polepole. "Hatuumi watu. Meno ya kulia chakula. Eeh? Sema pole."

Maneno yale yalikuwa ya Baba Meneja. Kuchuchumaa kule kulikuwa kwake, na ile "eeh" ya katikati, na kupuliza. Kwa miezi mitano aliyasema kila siku, baada ya jirani kuumwa, baada ya paka, baada ya mtoto wa watu, siku nyingine mara saba kwa siku, amechuchumaa mpaka magoti yanalia. Na katika miezi yote mitano Meneja hakuwahi kuyarudia hata neno moja. Alikuwa anatazama juu, anachokonoa pua, anaondoka. Baba alishaamini anauambia ukuta.

Mama mkwe alijitetea. Kwa mtoto wa miaka miwili, jamani, alijitetea. "Wewe ndiye umeniuma kwanza," alisema, na sauti yake ilitoka laini, bila kitambaa.

Meneja alifikiri. Akakubali kwamba hilo ni kweli. Akaushika mkono wa bibi, akapuliza zile alama nane, mate yakaenea mpaka kwenye kiwiko.

"Pole, Bibi. Nimeuma."

Akasimama, akatia mikono mgongoni, akasubiri zamu ya mwingine.

Mama mkwe akainua uso kwa mkwe wake, kwa mara ya kwanza uso kwa uso, mdomo wazi, fizi tupu.

"Pole, mwanangu," alisema. "Nimekuumiza."

"Si kitu, mama."

"Ni kitu. Unatoka damu." Akamwonyesha mtoto kwa kidevu. "Ndivyo unavyomwambia kila mara?"

"Kila mara, mama. Leo ndiyo kwanza namsikia anasema."

Mama mkwe alifungua kiganja, akayatazama meno yaliyokuwamo.

"Mama yake naye alikuwa anauma," alisema. "Mkubwa kuliko huyu, na bado anauma. Nilimchapa. Nilimchapa sana, maana niliogopa watu watasema sikumlea. Akaacha." Aliligeuza jino moja kwa kidole. "Akaacha mbele yangu. Kwa wenzake aliendelea mpaka darasa la tatu, na mimi sikujua, nikawa najisifu. Hajawahi kuniambia pole ya kitu chochote, yule binti. Wala mimi sijawahi kumwambia."

Baba Meneja alisimama na kidole chake, damu inatonea kiatu cha kulia, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo hakujali kiatu.

"Haya, yapange upya," mama mkwe alisema, akammiminia meno mkononi. "Na safari hii yapoe, usinifanyie haraka haraka. Nitasubiri."

"Basi la saa saba litakuacha, mama."

"Liniache. Nitapanda la kesho, mimi peke yangu."

Alisikia, lakini aliogopa kuamini. Ilibidi aulize. "Na nguo za mtoto, mama? Nizifungashe?"

"Zifue," alisema mama mkwe. "Zimejaa uji."

Baba Meneja alisema anakwenda kuleta maji baridi. Alifika jikoni, akafungua bomba mpaka mwisho ili wasimsikie, akashika ukingo wa sinki, akalia kama ambavyo hakuwahi kulia tangu arusi yake. Aliposhtuka, Meneja alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma, anamkagua.

"Bibi!" alipaza sauti kuelekea sebuleni. "Baba analia!"

"Mwache alie," bibi alijibu. "Njoo tumtafutie meno yangu mawili huko nje."